Mahakama haikusema askari wa Grand Rapids hana hatia

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa sekondari Kigoma, na sijawahi kuwaandikia hata pale mlipouhamishia mji wetu mkoa wa jirani. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya kesi ya askari aliyemuua Patrick Lyoya, ile mliyoibana chini ya matokeo ya Ligi Kuu, ilisema kwamba mahakama ya Marekani "imemwona hana hatia". Nani aliwaambia?

Ninaishi hapa hapa Grand Rapids. Baraza la mahakama, yaani raia 12 wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lilikaa Mei 2025 likashindwa kukubaliana. Kwa sheria ya huku wote 12 lazima wawe na kauli moja, iwe ya kumtia mtu hatiani au ya kumwachia, nao hawakuwa nayo, jaji akalivunja shauri. Wiki mbili baadaye, tarehe 22 Mei, mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Kent, Chris Becker, akatangaza kwamba hatafungua kesi upya. Basi. Askari huyo, Christopher Schurr, yuko nyumbani kwa sababu mwendesha mashtaka ameinua mikono. Hakuna baraza lililomsafisha. Mkiniambia kwa mama wa marehemu ni yale yale, sitabisha. Kwa gazeti si yale yale.

Kisa chenyewe mnakikumbuka, mlikitoa na picha. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022 Lyoya, kijana wa Kikongo, miaka 26, ambaye familia yake ilipokelewa hapa kama wakimbizi mwaka 2014, alisimamishwa kwa sababu kibao cha namba hakikuwa cha gari lile. Akashuka. Askari akamwamuru arudi ndani, akamuuliza leseni, akamuuliza kama anajua Kiingereza. Wakashikana, wakakimbizana, wakagombania bastola ya umeme ya askari, na mwisho Lyoya amelala kifudifudi kwenye majani mbele ya nyumba ya watu, Schurr juu yake, risasi ya kisogo. Ndiyo, alikuwa amekunywa, vipimo vilionyesha. Ndiyo, alikimbia. Jimbo hili la Michigan liliamua mwaka 1846 kufuta adhabu ya kifo kwa wauaji. Mlevi mwenye kibao cha kuazima yeye hakuwekwa kwenye hesabu.

Watu wa nyumbani wanashangaa kwa nini alishuka. Jamani, kwetu trafiki akikusimamisha unafanyaje? Unashuka, unamfuata, unamsalimia, mnaongea. Ukibaki umekaa garini na kioo nusu utaitwa mwenye kiburi. Huku, mlango ukifunguka tu umeshakuwa hatari.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alikuja kututembelea. Jioni moja tukitoka kununua mchele tukasimamishwa, eti taa ya nyuma upande mmoja inafifia. (Mji gani, sitasema. Huku miji imeshikana na kila mmoja una polisi wake.) Kabla sijazima injini mjomba ameshafungua mkanda na mlango, kofia mkononi, anataka akamsalimie afande. Nikamkamata koti nikamvuta hadi kifungo kikang'oka. Askari wa pili alikuwa ameshaweka mkono kwenye bastola, tochi usoni mwa mzee, anapiga kelele za mikono, mikono. Mzee wa miaka sabini na ushee, aliyewafundisha nusu ya watumishi wa wilaya yake, akakaa ameweka viganja kwenye dashibodi kama mtoto aliyekamatwa na maembe ya jirani. Tukapewa onyo la mdomo tukaachiwa. Usiku ule mjomba hakula. Yule askari mjomba hakumnung'unikia hata kidogo, alininunia mimi: nimemvutaje koti mbele ya kijana mdogo vile?

Sasa huyu mjomba ndiye msomaji wenu. Siku mlipoitoa habari yenu alinipigia simu: "Unaona? Mahakama imesema askari hakukosea. Kumbe yule kijana ndiye alikuwa mkorofi." Nikabishana na mzee wangu hadi tukakatiana simu, kwa ajili ya sentensi ya mtu ambaye hakujisumbua kuuliza.

Na ndipo wanapopata nguvu wale wa "angetii asingeuawa". Nawasikia msibani, nawasikia kanisani, nawasikia kwenye makundi ya simu ya ukoo, tena kwa sauti ya mtu aliyegundua dawa. Philando Castile, Mmarekani Mweusi, alitii. Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha anayoimiliki kihalali, asije akashtuka, akapigwa risasi akiwa amefunga mkanda, mchumba wake kando na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Askari yule kweli baraza lilimwona hana hatia, mwaka 2017. Mkiwa na hamu ya kuyaandika maneno yale, yawekeni hapo. Amadou Diallo hakuwa hata na gari. Alikuwa amesimama mlangoni kwake Bronx, Februari 1999, akatoa pochi, askari wanne wakafyatua risasi 41, na mwaka uliofuata wote wanne wakaachiwa. Diallo alikuwa Mguinea. Nalisema hili kwa ajili ya ndugu zangu Waafrika wa hapa, wanaowaambia watoto wao "sisi si kama hawa Weusi wa Marekani, sisi tumekuja kufanya kazi", kana kwamba afande akija na tochi yake atakuomba kwanza pasipoti na cheti cha mwajiri. Weusi hao hao tunaowasengenya ndio waliojaa barabarani hapa kumlilia Lyoya, mtoto wa watu wasiowajua, wakati baadhi yetu tulifunga mapazia tukisema tusijiingize kwenye siasa za watu!

Baba yake Lyoya, alipozungumza na waandishi wa habari, alizungumza kwa Kiswahili, mkalimani yuko pembeni. Kimerekodiwa. Hamkuhitaji kumlipa mtu. Katika habari yenu hamna hata sentensi yake moja, ila msemaji wa upande wa polisi ana aya mbili.

Ukalimani nao ni balaa lake. Jirani yangu, mama wa Fizi huko Kongo, alipelekwa zahanati moja hapa na tumbo, wakasoma kwenye fomu "Kongo", wakamuunganisha kwa simu na mkalimani wa Kifaransa. Mama hajui Kifaransa zaidi ya bonjour. Akarudi nyumbani na dawa za kikohozi. Wakimbizi ninaowajua walifundishwa kabla ya kupanda ndege namna ya kuwasha jiko la umeme na kujaza fomu za benki. Habari ya kusimamishwa na askari barabarani walijifunza wenyewe, wakiwa hai kama bahati ipo.

Wa kumlalamikia hapa simuoni. Siku moja kabla ya tangazo la Becker, tarehe 21 Mei, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuachana na makubaliano ya kurekebisha polisi wa Minneapolis na Louisville, miji walikouawa na polisi George Floyd na Breonna Taylor. Hilo nalo sikuliona kwenu, pengine Simba na Yanga walikuwa na mechi.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, masahihisho, ukurasa ule ule, herufi zenye ukubwa ule ule wa matokeo ya mpira, yakisema wazi kwamba hakuna baraza lililomwachia Schurr. Mjomba ayasome bila miwani. Pili, kwa kuwa makubaliano ya serikali yametupwa, natoa pendekezo langu bure: kila askari mpya wa miji hii ahudhurie ibada ya Wakongo Jumapili sita mfululizo. Ibada nzima, kwaya zote, bila kuondoka kabla ya matangazo. Asiye na subira ya kukaa kimya saa nne akisikiliza watu asiowaelewa, bila kushika bastola kiunoni, arudishiwe fomu yake akatafute kazi ghalani.

Mwana wa Ujiji,
Grand Rapids, Michigan