Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Na sisi wazazi wa watoto viziwi tufundishwe lugha ya alama

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, nauza vitenge. Mwanangu wa pili ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa na mwaka mmoja na nusu.

Mama mkwe wangu alipofariki, mtoto alikuwa na miaka sita. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea bibi yake chai chumbani kila asubuhi. Tulizika, tukaanua matanga, na kesho yake nikamwona kabeba kikombe kwa mikono miwili, anatembea polepole chai isimwagike. Akafika mlangoni, akaona kitanda kitupu, akanigeukia. Wakati huo mimi na yeye tulikuwa na ishara zetu za nyumbani kama tano tu: kula, kulala, kuoga, njoo, hapana. Nikampa ile ya hapana. Asubuhi iliyofuata akabeba kikombe tena.

Hospitali tuliyokwenda walinieleza kwamba mtoto hasikii, mazungumzo yakaishia hapo. Majirani wakanionya nisimzoeshe mikono, asije akawa mvivu wa kusema. Niliwaamini, na hilo linaniuma mpaka leo. Lugha ya alama haimzuii mtoto kuongea. Kinachomuumiza ni kupitisha miaka ya mwanzo, ile ambayo ubongo hudaka lugha kwa wepesi, bila lugha yoyote. Najua Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na nawashukuru kwa niaba ya waliopata. Lakini hata mtoto wa kifaa anahitaji lugha wakati anasubiri, na siku kifaa kikizima.

Aliyeniokoa ni fundi cherehani wa Rangi Tatu, kijana kiziwi. Alinifundisha Lugha ya Alama ya Tanzania kila Jumapili jioni, mwaka mzima, kwa bei ya nauli tu. Siku moja tukichambua mchele, mwanangu akiwa na miaka tisa, aliniuliza kwa alama: bibi alikwenda wapi? Nikamweleza. Alimlilia bibi yake siku ile, miaka mitatu baada ya mazishi.

Mheshimiwa, watoto wetu wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawajawahi kuona alama hata moja. Shuleni, kama pale Buguruni, mtoto anapata lugha. Akirudi nyumbani likizo anakuwa mgeni: anakula, anaoga, analala, hana wa kumsimulia. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unataka kujifunza lugha ya alama kurahisishwe. Kwa mzazi wa Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju, kurahisisha maana yake ni darasa la karibu, jioni au Jumamosi, lisilo na ada.

Madarasa ya shule za msingi yapo, na Jumamosi jioni yamefungwa. Walimu wapo pia: viziwi wenyewe, ambao CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, inaweza kukusaidia kuwapata. Nakuomba walipwe. Lile fungu la watu wenye ulemavu katika asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya vikundi, kwa hiyo darasa hili liwekewe bajeti yake. Na muuguzi anayempa mama majibu kuwa mtoto hasikii ampe palepale karatasi yenye siku na mahali pa darasa. Karatasi hiyo moja ingenipa miaka saba.

Baba yake mtoto bado anajua alama chache. Ni dereva wa daladala, hurudi sisi tumelala, na mwanawe humwachia michoro mezani. Ameniambia Jumamosi jioni anaweza kumpa mwenzake gari. Darasa likifunguliwa, mwandikeni wa kwanza.

Wako mtiifu,
Mama wa mtoto kiziwi, Mbagala