Barua kwa Mama Neema kuhusu tumbo la sungura

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote hatujambo, na mvua za vuli zimekwisha kuanza. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mpwa wako, nami nimeisoma kwa makini kwa sababu ya yale uliyoeleza kuhusu sungura wa Neema: kwamba asubuhi alikataa matembele, akajikunyata pembeni mwa banda akiwa amefumba macho nusu, akawa analaza tumbo sakafuni, anainuka, kisha analilaza tena, na kwamba jioni alirudi kula kana kwamba hapakuwa na jambo. Umeuliza kama tumbo lilikuwa limejaa gesi, na kama ni kweli kwamba magadi kidogo kwenye maji yangemsaidia. La kwanza nadhani ndivyo lilivyokuwa. La pili nakusihi usilijaribu kabisa, hata akikushauri mtu mzima unayemheshimu, kwa sababu magadi yakikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi nyingine juu ya ile iliyopo.

Sungura hawezi kutapika, na kucheua hewa kwake ni vigumu mno, kwa hiyo kila kiingiacho mdomoni hakina njia nyingine ila kusukumwa mbele mpaka kitoke nyuma. Majani anayokula huchachushwa na vijidudu vyenye manufaa katika mfuko mkubwa ulioko pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, na kuchachuka huko hutoa gesi kila siku hata kwa sungura mwenye afya kamili. Nyuzinyuzi za majani ndizo zinazoufanya utumbo uendelee kusukuma. Zikipungua, au mnyama akiacha kula kwa sababu ya meno kuuma, joto kali, kiu au hofu ya mbwa wa jirani, utumbo hulegea, gesi hubaki ndani, tumbo huuma, na maumivu hayo humfanya azidi kukataa chakula. Ndiyo maana mimi huichukulia gesi kuwa dalili kuliko kuwa ugonjwa wenyewe, na kila inapotokea huuliza kwanza ni kitu gani kilichousimamisha utumbo.

Tatizo ni kwamba sungura huficha maumivu, kama ilivyo desturi ya wanyama wanaowindwa, na anapoonekana mgonjwa waziwazi huwa ameugua kwa saa kadhaa. Kujikunyata na kulaza tumbo uliviona mwenyewe. Ongeza hapo kusaga meno kwa sauti kali, ambako ni tofauti na ule mtikisiko laini wa meno anapopapaswa kichwa na kuridhika, na ongeza masikio kuwa ya baridi kuliko siku zote. Hata hivyo, shahidi ninayemwamini zaidi ni kinyesi. Mwambie Neema asifagie banda asubuhi kabla hujatazama: punje ziwe nyingi, za mviringo, kavu na zinazolingana. Zikiwa ndogo, ngumu, zenye maumbo yasiyofanana au zimeunganishwa na manyoya, utumbo umeanza kupunguza mwendo hata kama sungura bado anatembea. Usichanganye hizo na vile vishada laini, vyeusi na vyenye harufu, ambavyo huvila moja kwa moja kutoka nyuma yake. Hivyo ni sehemu ya lishe yake na wala hahitaji kukemewa.

Sungura mzima akipitisha saa 10 hadi 12 bila kula na bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, na kwenu kisiwani nisingengoja hata muda huo uishe. Mtafute afisa mifugo wa kata mapema, wala usiweke tumaini lako lote kwenye meli ya kuja Mwanza.

Wakati unamsubiri, yapo mambo machache ya kufanya. Kwanza mpapase tumbo kwa vidole, polepole, ukiwa umemweka sakafuni na si kumwinua. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, naye amelegea ghafla na kupoa mwili, huenda utumbo umeziba kabisa. Hapo usimkande na usimlishe chochote kwa nguvu, kwa sababu tumbo lililoziba linaweza kupasuka, na kazi yako ni kumfikisha kwa daktari wa mifugo tu. Ikiwa tumbo ni laini au limejaa kiasi, naye bado ana nguvu, mwachie atembee chumbani, kwa kuwa kurukaruka husaidia gesi kusogea. Mwekee maji safi kwenye bakuli, maana sungura wengi hunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye chupa. Mpe majani mabichi yenye harufu nzuri, kama giligilani, ili kumshawishi. Unaweza kumkanda ubavuni kwa upole mwingi kwa dakika chache, lakini akikaza mwili au kusaga meno, acha mara moja. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 hivi, kwa hiyo akiwa wa baridi mkalishe karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kanga, huku akiwa na nafasi ya kuikimbia akichoka nayo.

Kuhusu dawa, ipo ile ya matone iitwayo simethikoni, wanayopewa watoto wachanga wenye tumbo la gesi. Haiingii kwenye damu, bali huunganisha mapovu madogo yawe makubwa ili yatoke kwa urahisi. Daktari mmoja hapa mjini ameniambia kwamba haina madhara makubwa, ingawa mimi naona sifa zake hutiwa chumvi, kwa sababu haiuamshi utumbo uliolala wala haitulizi maumivu, na maumivu ndiyo yanayomzuia kula. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari, si kwenye kabati la dawa za nyumbani. Jambo ambalo ningependa uliandike ukutani ni hili: usimpe sungura amoksilini kwa mdomo, hata kipande. Huua vijidudu vyema vya tumboni, vile vibaya huchukua nafasi, na sungura anaweza kufa kwa dawa aliyopewa kwa nia njema.

Sasa nirudi kwenye chakula, kwa maana kwa maelezo yako nashuku chanzo kiko hapo. Umesema wiki ile mlianza kumpa pumba za mahindi na maganda ya ndizi kwa sababu majani yalikuwa yamelowa mvua. Pumba zina wanga mwingi na ndizi zina sukari, na vyote hivyo huvichochea vijidudu vinavyotoa gesi. Kabichi nayo ni ya kutoa kidogo kidogo, na msimu wa embe unaoanza usiwe kisingizio. Sehemu kubwa ya chakula chake, zaidi ya robo tatu, iwe majani: ukoka, mabingobingo au majani makavu. Mkikata mabingobingo, myaanike kivulini kabla ya kumpa, wala msiyarundike kwenye kiroba, kwa kuwa majani mabichi yaliyorundikwa hupata joto na kuanza kuchacha kabla hayajafika bandani. Kila chakula kipya kiingizwe taratibu kwa wiki moja au mbili. Na paa la bati mliwekee makuti juu, jua likichomoza baada ya mvua ndani huwa tanuri.

Naomba umpime uzito kwenye mizani ya dukani, ndani ya kapu, kisha utoe uzito wa kapu, unitumie namba hiyo kwa simu. Nitampelekea daktari anieleze kipimo cha simethikoni kinachomfaa, nami nitakutumia chupa pamoja na bomba dogo la sindano lisilo na sindano, kupitia kwa mpwa wako akirudi Nansio, huko kisiwani kwenu. Tafadhali uniandikie pia kama meno ya mbele yamekuwa marefu au yamepinda, kwa sababu hilo sikulisoma kwenye barua yako.

Msalimie Neema na baba yake.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Baraka