Risala ya Kikundi cha Gitaa Kavu kwa Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mama Mgeni wa Heshima, Mkuu wa shule yetu, walimu, wazee wa Kamalondo, wazazi na wanafunzi wenzetu, jambo yenu.

Tunakushukuru, Mama, kwa kuacha kazi za komini, manispaa yetu, ukaja kukaa nasi kwenye uwanja huu wa vumbi. Kiti ulichokalia tumekiazima kanisani leo asubuhi, kwa hiyo risala haitakuwa ndefu: kinatakiwa kurudi kabla ya ibada ya jioni.

Kikundi chetu kina wanafunzi kumi na wanne na magitaa matatu. Tunapiga gitaa kavu, lisilotumia umeme, lile la wazee wetu wa Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo, wa miaka ya 1950, na mwaka huu wote tumekuwa tukijifunza kwa mtu mmoja tu, Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya, ambaye wengi walimwita Mwenda wa Bayeke. Tungependa kukueleza heshima alizopata, na hasa zilitoka wapi.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akarekodi nyimbo zake. Mmojawapo ni Masanga. Wimbo huo ukapewa tuzo ya Osborn, tuzo ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka. Kijana wa miaka ishirini na kitu, gitaa moja, hana bendi nyuma yake.

Mama, utuvumilie tukae kidogo hapo, maana ndipo tulipotolea jasho. Mwenda alipiga kwa vidole viwili. Kidole gumba kinashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinacheza kwenye nyuzi nyembamba, kila kimoja na safari yake. Anayesikiliza bila kuona ataapa kwamba wamekaa watu wawili. Sisi tulidhani ni jambo la wiki mbili. Mwenzetu mmoja alimaliza likizo nzima ya Pasaka kidole gumba chake kikikifuata cha shahada kama mtoto anayemfuata mama sokoni, kikisimama anaposimama. Usiku kilipokubali kwenda peke yake, aliamsha nyumba nzima. Baba yake yupo hapa, anaweza kushuhudia, ingawa hakufurahi sana.

Mambo hayo ya vidole viwili yalimshughulisha hata mwalimu wa chuo kikuu huko London, David Rycroft, ambaye mwaka 1961 na 1962 alichapisha uchambuzi wa upigaji wa Mwenda, noti kwa noti. Kwetu sisi hiyo ni heshima kubwa kuliko tuzo. Tuzo hutolewa kwa siku moja, lakini mtu anayekaa kuhesabu kila mguso wa kidole chako amekupa miezi ya maisha yake.

Nairobi nako alifika, akasikika redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakamwiga, kama walivyomwiga ndugu yake Edouard Masengo. Aliwaimbia kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, wakamwelewa vizuri tu. (Hii tunaisema kwa ajili ya wanaotucheka kwamba Kiswahili cha Lubumbashi hakivuki mpaka.) Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Baadaye John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alisafiri hadi huku kuwatafuta yeye na wenzake ajifunze kwao. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani nchini Zambia.

Sasa sikia, Mama. Tulipoanza kikundi tuliwauliza wenzetu wa darasa: Mwenda ni nani? Mmoja alijibu kwa sauti ya uhakika kabisa kwamba ni beki wa zamani wa TP Mazembe. Wengine wakakubali. Hatuwalaumu, hata sisi tulikuwa hatujui. Mtu kapigiwa makofi Marekani, kaandikiwa London, kaigwa Nairobi, na umbali wa kutoka hapa hadi Likasi alikorekodiwa basi linaumaliza kwa saa chache. Mwaka 2021 UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni tulishangilia na sisi. Ila gitaa la Katanga lina mlango wake na njia yake, na tungependa mtu auonyeshe mlango huo kabla wazee wanaoujua hawajaondoka wote.

Kuhusu shida zetu, hatutapamba. Gitaa la kwanza lina nyuzi tano na waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa sita. La pili tunalibana shingoni kwa penseli na kipande cha mpira wa tairi ili kupandisha sauti. La tatu ni zima, ila ni la mwalimu, na kila Ijumaa analirudisha nyumbani. Mwaka jana mgeni mmoja, jina tunalihifadhi, alituahidi magitaa matano mbele ya umati. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Mpaka leo tunayasubiri.

Kwa hiyo wewe hatukuombi magitaa. Tunaomba nyuzi, seti kumi zitatosha mwaka mzima. Tunaomba pia barua yako, Mama, yenye muhuri wa komini, ya kutufungulia milango kwa wazee waliopiga gitaa na Mwenda bega kwa bega, ili tukae nao na simu zetu tuwarekodi. Tumejaribu kwenda bila barua. Mzee mmoja alidhani tumekuja kuuza kadi za simu.

Tulikuwa na ombi la tatu, kuhusu paa la chumba cha mazoezi, lakini Mkuu wa shule ametuambia hilo ni lake.

Kwa ruhusa yako, sasa wenzetu wawili watakupigia Masanga. Ukisikia uzi mmoja unavuma kama nyuki, usishtuke, ni ile breki.