Jumamosi: Himachal Pradesh

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa mbili usiku tunaendelea na India, na zamu hii ni Himachal Pradesh, jimbo la milimani kule kaskazini, makao makuu yake Shimla.

Sensa ya 2011 ilihesabu watu 6,864,602, na karibu 90% wanaishi vijijini. Ila naomba mwiangalie kwa makini wilaya ya Lahaul na Spiti. Ndiyo kubwa kuliko zote 12, kilomita za mraba zaidi ya 13,800, lakini ilikuwa na watu 31,564 tu! Kangra peke yake ilipita milioni 1.5. Spiti ni jangwa la baridi: milima huzuia mvua za monsuni, watu hulima shayiri na njegere bondeni kwa maji ya theluji inayoyeyuka. Lahaul nayo ilikuwa ikifungiwa na theluji ya Rohtang, njia ya kuvuka milima, kila majira ya baridi, hadi handaki la Atal, kilomita 9, lilipofunguliwa Oktoba 2020. Fikirieni mgonjwa wa huko kabla ya hapo.

Mwenye ramani nzuri ya mito Sutlej na Beas aitume humu kabla ya Ijumaa, tafadhali.