Gati lina taa, kwa nini lisiwe na soketi?

Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika humu kwamba mashua za umeme ni mchezo wa watalii, hazina nguvu ya kuhimili bahari yetu. Mimi si mtalii. Nina mashua ya mbao ya futi 20, nabeba abiria kati ya Lamu mjini, Shela na gati la uwanja wa ndege kule Manda, na tangu mwaka jana mashua hiyo haijanusa petroli. Nguvu ninayo. Ninachokosa ni pa kuchajia gatini.

Mashine yangu ya zamani ilikuwa ya nguvu za farasi 15, ile ya kuchanganya oili, nusu lita kwa lita 25 za petroli. Tuliishusha, mimi na fundi, tukafunga mota ya kilowati 4 na betri ya lithiamu ya volti 48. Tulikosea mara mbili. Kwanza betri tuliiweka nyuma kabisa, karibu na mota. Mashua ikakaa kitako, omo, yaani mbele yake, ikatazama mbingu. Sasa betri imelala katikati, juu ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua, ndani ya sanduku. Kosa la pili lilitisha zaidi: tulitumia waya wa nyumbani. Mota ikivuta kilowati 4 kwa volti 48, ampea zinapita 80, na kabla hatujafika Shela nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Waya nilio nao leo ni mnene kama kidole, na ncha zake nazipaka grisi kila Ijumaa, maana chumvi haina huruma.

Sasa hiyo nguvu. Nikienda noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, mota inakula kilowati 1 hivi, na betri inanipa saa nne na ushei. Nikikazana hadi noti 6, inakula zaidi ya kilowati 3, na saa moja na nusu imeisha. Kwa hiyo sishindani na boti za kasi. Maji yakitoka kwa bamvua, zile siku za maji makubwa, nangoja yapungue au naambaa ukingoni penye mkondo dhaifu, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba kwa tanga. Petroli ilikuwa imenisahaulisha kusoma maji.

Kimya chake kina lawama pia. Bibi mmoja aliwahi kunishika mkono katikati ya mlango wa bahari, "Mwanangu, mashine imezima?" Na watoto wanaoogelea Shela hawanisikii nikija, nikalazimika kufunga kengele ya baiskeli. Wananicheka, lakini wanapisha.

Basi, betri ikiisha? Ina kilo 45 na nyumba yangu iko ndani Mkomani. Kila magharibi naifungua, inapanda punda, inapita vichochoroni hadi barazani kwangu, inachajiwa usiku kucha kwa yuniti kama sita za tokeni za umeme. Alfajiri punda anairudisha. Zamani nilikuwa nikiunguza lita sita za petroli kwa kazi hiyohiyo. Bei ya lita kila mtu anaijua. Nimejaribu sola mbili za wati 200 juu ya kivuli cha mashua. Siku ya jua kali hazifikishi hata nusu ya betri, na kusi likivuma kile kivuli kinageuka tanga nisilolitaka.

Nimekwenda ofisi inayohusika mara tatu kuomba soketi gatini. Mara ya kwanza niliambiwa umeme na maji havikai pamoja. Mara ya pili, aliyekuwa na jibu yuko safarini. Mara ya tatu niliulizwa nani atalipa. Nitalipa mimi! Ile mita ya tokeni tunayotumia majumbani inatosha: mwenye kuchaji anaingiza tokeni zake, asiye nazo anakaa. Waya umeshafika gatini; taa zinawaka pale usiku kucha na wanaozifaidi zaidi ni paka.

Ninachoomba ni kisanduku kimoja chenye soketi mbili, kifuniko kisichopenya maji na swichi inayokata umeme ukivuja, kifungwe juu ya alama ya maji ya bamvua. Vijana wawili wenye mashua ndogo wameniambia watabadili mashine zao siku kitakapofungwa, kwa sababu wao hawana punda.

Nahodha wa mashua ya abiria,
Mkomani, Lamu