Kadhi ya Kigujarati haitiwi nyanya wala kitunguu saumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe maelekezo ya kupika kadhi ya Kigujarati mliyoyachapa Jumamosi iliyopita katika ukurasa wa mapishi. (Wasioijua wasidhani namsema kadhi anayefungisha ndoa, hii ni mchuzi mwepesi wa mtindi.) Niliyafuata neno kwa neno, na kufika saa moja ya usiku nilikuwa nimeinamia sufuria ya maji ya manjano yanayoelea mabonge ya maziwa yaliyokatika, huku wajukuu wakiulizana kama babu ameamua kutengeneza jibini.

Kosa lililoniharibia chakula ni kwamba mwandishi hakutaja kabisa unga wa dengu. Mtindi ukichemshwa peke yake hukatika, kwa sababu protini zake hushikamana zikipata joto. Unga huo ndio unaozizuia, na ndio unaoupa mchuzi uzito kidogo. Kipimo nilichofundishwa ni kikombe 1 cha mtindi uliochachuka, vijiko 2 vya chakula vya unga wa dengu na vikombe 2 na nusu vya maji, vyote vikorogwe vikiwa baridi mpaka kisibaki kidonge hata kimoja, kisha vibandikwe juu ya moto mdogo na mwiko usitulie mpaka mchuzi utokote. Aliyenifundisha alikuwa bibi wa Kigujarati tuliyepakana naye mlango kwa mlango hapa Upanga, ambaye jengo zima tulimwita Ba kama walivyomwita wajukuu zake, na ambaye hakuwa na subira na mtu aliyeacha mwiko kwenda kupokea simu.

Nyanya, manjano na kitunguu saumu navyo sijui vimetoka wapi. Kadhi ya Kigujarati ni nyeupe, na hutiwa tangawizi na pilipili mbichi zilizopondwa pamoja na sukari guru kidogo ya kupoza uchachu. Ile nzito ya manjano yenye bajia ndani ni ya Wapunjabi, nayo ni nzuri, ila si hii. Ama kitunguu saumu, nyumba nyingi za Kihindu zinazofuata njia ya Vaishnava, yaani wanaomwabudu Vishnu, hazikili, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, huacha hata viazi na karoti, kwa kuwa kuving'oa ni kuua mmea mzima na wadudu wa udongoni. Harufu nzito huletwa na mvuje, ule utomvu mkavu wa mmea wenye harufu kali. Samli ikipata moto hutiwa bizari nyembamba na punje chache za uwatu, na zikianza kurukaruka hutiwa mvuje kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, halafu vyote humiminwa ndani ya mchuzi na sufuria kufunikwa papo hapo. Ba aliiita hatua hiyo vaghar, na alipoifanya hakutaka maongezi jikoni, kwani alikuwa anasikiliza.

Mwandishi alisema pia kwamba Wagujarati hawali nyama. Wengi hawali, lakini Mabohora na Makhoja, jamii za Waislamu ambao asili yao ni huko huko Gujarat na Kutch, wanakula.

Mwisho mlishauri kadhi hiyo iandaliwe na biriani. Mwenzake ni kichidi: mchele na choroko zilizopasuliwa, vikapikwa kwa chumvi na manjano mpaka vikalainika, na samli juu. Ni chakula cha jioni, cha mtoto anayeota meno, na cha mtu aliyerudi safari amechoshwa na vyakula vya hotelini. Mke wangu alipotoka hospitali, bakuli la kichidi lilifika mlangoni kwetu siku nne mfululizo, limefunikwa sahani ya bati, na hakuna aliyetuuliza kama tunalihitaji.

Naomba mchape masahihisho. Na kama mtaendelea na vyakula hivi, ifuate dali ya mbaazi, maana mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake na bei ikaanguka huku kwetu, wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara walibaki na zao ambalo wengi wetu mijini hatujui kulipika zaidi ya kuliunga kwa nazi. Safari hii, hata hivyo, mwandishi apike kwanza, aonje, ndipo achape.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Upanga, Dar es Salaam