Mama Eliya, ukirisiti usiiache Hesabu

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Eliya,

Bwana asifiwe. Sisi huku wazima, watoto wamefunga shule, na Baba Doreen anakusalimu sana. Karanga ulizompa kijana wa basi zilifika salama. Nusu yake nimeshatwanga kwa ajili ya mlenda.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote hadi mwisho, na nimefurahi mno. Kumbe ukunga ulikuwa moyoni mwako miaka yote hii na hukusema! Ila nimeona umeshauriwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Yule wa stationeri anasema uanze na QT, ule mtihani wa maarifa, shemeji yako anataka urudi kidato cha tano, na yupo aliyekuambia kwamba ukishavuka miaka 30 vyuo vya afya havikutaki. Ngoja nikueleze ninavyolijua jambo hili, maana njia hiyo nimeipita kwa miguu yangu, na leo niko mwaka wa pili wa shahada nikiwa mama wa watoto watatu.

La umri tulimalize mapema. Sifa za kujiunga na diploma au shahada zinataja masomo na madaraja, na mwenye miaka 34 anapimwa kwa cheti kilekile anachopimiwa wa miaka 19. Darasani kwetu wapo waliozaliwa mwaka niliomaliza la saba. Wananiita mama, na wodini hunisukuma mbele niongee na wazazi.

QT nayo achana nayo. Ile ni ya mtu ambaye hakusoma sekondari kwa mfumo wa kawaida, anaitumia kupata nafasi ya kufanya kidato cha nne. Wewe kidato cha nne ulishafanya, cheti unacho. Unajisajili moja kwa moja Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa yale masomo unayotaka kurisiti, yaani kurudia mtihani wake, tu. D yako ya Biolojia na ya Kiingereza hakuna atakayekunyang'anya.

Kuhusu kidato cha sita, shemeji ana nia njema, lakini ili ukifanye hata kama mtahiniwa wa kujitegemea unatakiwa uwe na C tatu za kidato cha nne, nawe una D. Hapo ungeanza kutafuta C, kisha miaka miwili ya Kemia na Biolojia ya ngazi ya juu, huku unapika, unalima na kuzunguka kaya kwa kaya kama mhudumu wa afya. Sikushauri.

Njia yako ni diploma ya uuguzi na ukunga. Ni miaka mitatu, na mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, unataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwemo. Biolojia unayo. Umekwama kwenye Kemia na Fizikia, kwa hiyo nimeelewa kwa nini umepanga kurisiti hayo mawili tu.

Hapo ndipo nakuomba unisikilize vizuri. Ongeza na Hesabu. Najua Hesabu ilikuliza, najua mwongozo wa diploma haukulazimishi, na najua kila somo ni pesa. Lakini umesema mwenyewe kwamba lengo lako ni kufika chuo kikuu. Ukishamaliza diploma, ukitaka shahada, mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unadai GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 kwenye diploma, halafu unarudi nyuma hadi kidato cha nne na kutaka angalau D ya Kemia, Biolojia, Fizikia, Hesabu na Kiingereza. Yote matano. Nina mwenzangu tuliyekuwa naye diploma, mkunga hodari, GPA yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Alipoomba shahada, F ya Hesabu ya miaka mingi iliyopita ikamzuia mlangoni. Ilibidi arudi kwenye kipeuo cha pili na vipeo vya pembetatu huku anaingia zamu za usiku wodi ya wazazi, anatoka asubuhi macho mekundu, anakwenda tuisheni. Alifaulu, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini sitaki nawe upite huko wakati mwaka huuhuu unaweza kuyamaliza yote kwa pamoja.

Tena usidhani ni masharti ya karatasi tu. Chukua mama mwenye kifafa cha mimba. Dawa ni magnesiamu salfeti, na kwenye ampuli inakuja ikiwa asilimia 50, mililita 10 zina gramu 5. Dozi ya kuanzia mshipani ni gramu 4. Lazima ujue kwamba gramu 4 ni mililita 8, uchanganye na mililita 12 za maji ya sindano upate mililita 20 za asilimia 20, kisha uisukume polepole. Mama anatetemeka kitandani, ndugu wanapiga kelele mlangoni, na wewe unapiga hesabu ya asilimia. Ukizidisha, pumzi yake inaweza kukatika. Ukipunguza, degedege linarudi. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, nayo ni grafu ileile ya darasani: saa zinakwenda kulia, sentimita za njia ya uzazi inavyofunguka zinapanda juu, na mstari wa tahadhari unapanda sentimita moja kwa saa kuanzia ya nne. Mkunga anayeogopa grafu atachelewa kuona kwamba uchungu umekwama, na kutoka zahanati ya kijijini hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa unajua mwenyewe barabara ilivyo masika.

Nakuandikia kwa ukali kidogo kwa sababu nakutaka huku. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulihesabu vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukahesabu 104. Kushuka huko kumetoka kwa watu, na baadhi yao ni nyinyi mnaowabembeleza wajawazito waache kujifungulia nyumbani. Mimi nimewahi kukuona ukikaa na bibi mmoja pale Bahi, mkaongea Kigogo mpaka mwenyewe akamvika mkwewe kanga na kumpandisha bodaboda. Kazi hiyo hakuna fomu ya chuo inayoiuliza, na inaniuma, lakini ukishaingia wodini itakubeba.

Sasa pesa. Usiuweke mkopo wa Bodi ya Mikopo kwenye hesabu zako. Miongozo yao imekuwa ikitaka mwombaji asizidi miaka 35 na awe amemaliza masomo yake ndani ya miaka mitano iliyopita. Wewe kidato cha nne ni cha zamani, na utakapofika kwenye shahada umri utakuwa umepita. Kaa na Baba Eliya mapema mjue alizeti ya msimu inalipa nini. Mwongozo wa NACTVET unaonyesha na ada za kila chuo, mlinganishe. Hapa mkoani kuna Mirembe na kuna Mvumi, kwa hiyo si lazima ukapange chumba mkoa wa mbali. Ukimaliza diploma ukafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, una leseni na unaweza kuajiriwa. Matangazo ya ajira za serikali huwa yanataka mtu asiyezidi miaka 45, na kwa hesabu yangu utakuwa na 39. Shahada ni miaka minne na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Hiyo uipange ukiwa tayari una mshahara. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo Kikuu cha St. John's wana shahada ya uuguzi ambayo ukunga umo ndani yake. Ukitaka shahada ya ukunga wenyewe, ipo chuo kikuu cha Muhimbili, MUHAS.

Jambo dogo linalosumbua wanawake wengi ni majina. Cheti chako cha kidato cha nne kina jina la baba yako, na nakumbuka kitambulisho cha NIDA ulichukua kwa jina la ndoa. Nenda kwa wakili ukaape kiapo sasa kwamba majina yote mawili ni yako, usisubiri wiki ya kuomba chuo.

Usajili wa mtihani huwa unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa analipa zaidi. Mtihani ni Novemba, matokeo Januari. Kabla hujalipa, muulize mkuu wa kituo habari za vitendo vya Kemia na Fizikia, wapi utajifunzia na nani atakusimamia. Watahiniwa wengi wa kujitegemea wanakariri madaftari mwaka mzima bila kugusa bureti. Kama kituo cha huko hakina maabara ya kueleweka, jisajili hapa mjini. Jumamosi unakuja kwa basi la asubuhi, unasoma, unalala kwetu, Jumapili unarudi. Doreen yuko kidato cha tatu, mchepuo wa sayansi, mtafanya maswali ya moli pamoja. Ameshaniambia anakungoja.

Nipigie picha cheti chako pande zote mbili unitumie kwenye simu wiki hii, na namba yako ya mtihani isomeke vizuri. Jumanne sina kipindi mchana, nitapita kwenye vituo viwili vya hapa mjini niulize ada na siku za masomo, halafu nitakupigia usiku ukiwa na Baba Eliya karibu ili asikie mwenyewe.

Wasalimie watoto, na mama mkwe.

Wako,
Mama Doreen